Kujenga, Kukarabati, Kutunza: Tuchague Kitenzi Sahihi Tunapoomba na Tunaporipoti

SOMO LA ROBO HII



Wapendwa wanakamati wa parokia na vigango vya Namanyere na Ufipa yote, pamoja nanyi marafiki mnaotuunga mkono kutoka karibu na mbali, katika somo la robo hii tunazungumzia vitenzi vichache vya Kiingereza. Ni vile vinavyohusu kutengeneza vitu na kurudisha vilivyoharibika. Huenda mtu akauliza: jambo hilo linahusianaje na kisima, zahanati au madawati? Linahusiana sana. Barua nyingi za maombi huandikwa kwa Kiswahili na kamati, kisha hutafsiriwa kwa Kiingereza kabla ya kumfikia mfadhili. Kitenzi kimoja kikikosewa hapo katikati, mfadhili anaelewa kazi nyingine, anatafuta fedha za kazi nyingine, na mwisho wa mwaka anasubiri taarifa ya kazi nyingine. Uaminifu uliojengwa kwa miaka unaweza kuingia doa bila mtu yeyote kuiba hata shilingi moja.

1. Tatizo linaanzia kwenye neno letu wenyewe

Neno "kutengeneza" lina sura mbili. Tukisema seremala anatengeneza milango, kila mtu anaelewa kwamba anachukua mbao na kufanya mlango ambao haukuwepo. Tukisema fundi anatengeneza baiskeli pale sokoni Namanyere, hakuna anayedhani kwamba fundi huyo ana kiwanda cha baiskeli. Sisi hatuchanganyikiwi kwa sababu tunaishi hapa na tunawafahamu mafundi wetu.

Sasa tuchukue sentensi hii ya taarifa: "Kamati imetengeneza madawati 40." Je, ni madawati mapya 40? Au ni ya zamani yaliyopigiliwa misumari na kubadilishiwa mbao za kukalia? Msomaji aliye Ujerumani au Marekani hana namna ya kujua. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo katika vitenzi viwili: "make" kwa kitu kipya, na "repair" kwa kitu kilichokuwepo kikaharibika. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Dawati jipya linahitaji mbao, misumari, gundi, vanishi na siku za fundi. La kurekebisha huenda likahitaji ubao mmoja na misumari michache.

Tusidhani kwamba Kiswahili ni maskini. Mahali pengine mambo huwa kinyume: Kiingereza kinaweza kutumia "make" tu pale ambapo sisi tuna neno la kila kazi. Mfinyanzi hufinyanga chungu, mama husuka mkeka, fundi wa ziwani huchonga mtumbwi na kuunda boti, fundi cherehani hushona sare. Hapa Ufipa wazee walikuwa na hatua tatu za kupata jembe. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu, ilungu, ambalo magofu yake bado yanaonekana katika baadhi ya mashamba yetu. Kisha walikisafisha kile chuma katika tanuru dogo, kintengwe, kwa kuvuta mivukuto. Mwisho mhunzi alikifua kikawa jembe. Mtu angesema tu "walitengeneza majembe" angekuwa sahihi, lakini angekuwa ameficha zaidi ya nusu ya kazi na zaidi ya nusu ya gharama. Ndivyo inavyokuwa pia katika maombi ya mradi.

2. Vitenzi vya kukifanya kitu kiwepo

"Make" ni neno la jumla. Linafaa kwa matofali, mishumaa, sabuni, madawati. Halizoeleki kwa nyumba au barabara.

"Build" ni kujenga: kupandisha kitu kwa kuunganisha sehemu zake, kama nyumba, ukuta, tangi la mawe. Ni neno la kawaida na halina hatari.

"Construct" pia ni kujenga, lakini kwa lugha ya mikataba. Msomaji akiliona anatarajia michoro, makadirio ya vifaa na msimamizi mwenye ujuzi. Tusilitumie kwa kibanda cha mlinzi ambacho vijana wa parokia watakipandisha kwa siku mbili.

"Assemble" ni kuunganisha sehemu ambazo tayari zimetengenezwa kwingine, kama mashine ya kusaga iliyokuja katika makasha. "Install" ni kukifunga kitu mahali pake ili kifanye kazi: kufunga sola, kufunga pampu. Mtafsiri awe mwangalifu hapa, maana sisi pia tunafunga mlango, tunafunga mzigo na tunafunga Kwaresima!

"Manufacture" ni kuzalisha kwa wingi kiwandani. Ajabu ni kwamba neno hili limetokana na maneno mawili ya Kilatini, la mkono na la kufanya. Lakini leo mfundi mmoja mwenye nyundo hawezi kuandikiwa kitenzi hicho.

"Fabricate" hutumika katika karakana za vyuma: mageti, madirisha ya grili, kizimba cha tangi. Lina maana ya pili ambayo ni mbaya, yaani kubuni uongo. Kusema tumefanya "fabricate" ya geti ni sawa. Kusema hivyo kuhusu takwimu au stakabadhi ni kukiri kwamba tumezighushi.

3. Vitenzi vya kurudisha kilichoharibika

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo makosa mengi hutokea. Tuvipange kuanzia kazi ndogo hadi kubwa.

"Patch" ni kutia kiraka. Ni kazi ya dharura, na msomaji anaelewa kwamba haitadumu. Si aibu kuitumia kama ndiyo kweli. Bwana Yesu mwenyewe alitoa mfano wa kiraka cha kitambaa kipya juu ya vazi kuukuu (Marko 2:21), na kila fundi cherehani anajua kinachofuata.

"Mend" ni kurekebisha kwa mkono, kwa uvumilivu, hasa vitu vya kushonwa au kufumwa: nguo, viatu, nyavu. Wavuvi wa Kirando na Kipili wanaokaa ufukweni na sindano wanafanya kazi hii. Kiingereza hulitumia pia kwa uhusiano wa watu.

"Fix" ni neno la mazungumzo. Kwa mdomo linafaa kwa karibu kila kitu, lakini katika taarifa halionyeshi nini kimefanyika. Isitoshe, lina maana ya kupanga matokeo ya mchezo au bei kwa hila. Kwenye barua ya mradi tuliache.

"Repair" ni neno rasmi na salama: kitu kilikuwa kizima, sehemu yake imeharibika, tunairudisha sehemu hiyo. Bati tano zimeng'olewa na upepo, tunaziezeka upya. Hiyo ni "repair".

"Renovate" na "refurbish" ni kulifanya jengo au vilivyomo viwe kama vipya: rangi, sakafu, dari, milango. Huwezi kufanya "renovate" ya kisima wala ya trekta.

"Overhaul" ni ya mashine. Injini inafunguliwa yote, kila kipuri kinakaguliwa, vilivyochakaa vinabadilishwa. Ikiwa mlibadilisha mkanda tu wa mashine ya kusaga, msiandike hivyo.

"Rehabilitate" ndilo neno tunalolitafsiri mara nyingi kuwa "kukarabati". Maana yake ni kukirudisha kitu kilichosimama kabisa, au kilichokaribia kusimama, ili kifanye tena kazi yake: mradi wa maji uliokauka mabomba, barabara isiyopitika, ardhi iliyochoka. Hutumika hata kwa mtu anayerudi katika maisha ya kawaida baada ya ajali au ulevi.

"Restore" ni kurudisha hali ya mwanzo kabisa, bila kubadilisha sura. Ni neno la majengo ya historia. Kama siku moja tutaomba msaada kwa ajili ya majengo ya zamani ya misheni ya Karema, ambako Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885, tujue kwamba "restore" na "renovate" ni ahadi mbili tofauti. Ya kwanza inakataza kuondoa matofali ya kale na kuweka ya saruji; ya pili inaruhusu.

"Reconstruct" ni kujenga tena kilichoanguka. "Replace" ni kutoa cha zamani na kuweka kingine. "Upgrade" ni kupandisha hadhi, yaani kitu kinakuwa bora kuliko kilivyowahi kuwa. Barabara kuu ya Sumbawanga hadi Mpanda ilipotoka kwenye changarawe na kuwa ya lami, hiyo haikuwa "repair", ilikuwa "upgrade".

4. Meli moja, vitenzi vingi

Mfano mzuri wa kuvikumbuka vitenzi hivi uko katika ziwa letu. Ni meli ya Liemba, iliyohudumia Kirando, Kipili na Kasanga kwa miongo mingi.

Ilijengwa ("build") mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande ("dismantle"), ambayo si sawa na kuharibiwa. Vipande vilipakiwa katika makasha, vikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma. Huko ikaunganishwa upya ("reassemble") na kushushwa majini mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi ("scuttle") karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi ili zisiliwe na kutu ("preserve").

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena mwaka 1920. Waingereza waliiopoa ("salvage") mwaka 1924, wakaifanyia kazi kubwa ya kuirudisha katika hali ya kusafiri ("refit"), na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 ilitolewa mashine za mvuke na kufungwa injini za dizeli ("convert"). Mwaka 1993 ilikarabatiwa ("rehabilitate") kwa msaada wa Denmark.

Tuangalie kilichotokea. Meli iliyokaa chini ya maji kwa miaka haikuhitaji kujengwa upya. Ilihitaji kuopolewa na kurekebishwa, kwa sababu mwaka 1916 kuna watu waliotumia grisi na kazi ya mikono. Grisi ile ndiyo iliyopunguza bei ya kitenzi kilichofuata.

5. Kitenzi kisichopigwa picha

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ina vitenzi viwili na kila kimoja kina bei yake. Kuziba ni udongo kidogo na jioni moja. Kujenga ni harambee, barua kwa mfadhili na kusubiri.

Kazi ya kuziba ufa kabla haujawa ukuta inaitwa "maintain", kutunza. Neno hili limetoka Kifaransa cha zamani, na maana yake ya asili ni kukishika kitu mkononi. Mnachokishika mkononi hakianguki. Kuna pia "service", yaani matengenezo ya ratiba: kubadilisha oili ya pikipiki, kusafisha paneli za sola, kuongeza maji ya betri.

Serikali yetu inatofautisha kazi hizi vizuri katika bajeti za barabara. Kuna matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalum na matengenezo ya sehemu korofi, na kila fungu lina fedha zake. Kamati ya parokia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la kawaida la shule.

Kwa upande wa maji, tangu mwaka 2019 Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, unafanya kazi na vyombo vya watumia maji vya jamii vinavyokusanya michango na kusimamia huduma. Parokia yenye kisima ishirikiane na chombo cha kijiji chake. Pampu ya mkono aina ya Afridev, kwa mfano, ilibuniwa katika miaka ya 1980 ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadilisha vipuri vinavyochakaa. Kubadilisha washa iliyokwisha ni kutunza. Kuacha mpaka pampu isimame na akina mama warudi mtoni, kisha kuandika barua ya "rehabilitate", ni kulipa bei ya ukuta kwa kazi ya ufa.

Hapa tuseme ukweli bila kuumizana. Kitenzi cha kukarabati kikionekana mara ya tatu kwa kitu kilekile, msomaji makini anasoma ambacho hatukukiandika: kwamba katikati hakuna aliyetunza. Tusijaribu kulificha hilo kwa kubadilisha neno na kuandika "construct". Ni heri kusema: "Pampu ilisimama kwa sababu hatukuwa na mfuko wa vipuri. Sasa tumechagua mtunza pampu na tumeanza kuchangishana." Maombi ya namna hiyo yana nguvu kuliko lugha ya kupendeza.

6. Mwanga wa Maandiko

Tusome pamoja 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha zitumike kutengeneza mabomoko ya Hekalu, lakini miaka ikapita na mabomoko yakabaki. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, na fedha zikawekwa humo. Zililipwa kwa maseremala, wajenzi na waashi, na kununua miti na mawe. Mstari wa 13 unaeleza jambo ambalo kila mweka hazina anapaswa kulijua: fedha hizo hazikutengenezea vikombe vya fedha wala vyombo vya dhahabu. Zilitolewa kwa ajili ya kurekebisha. Hazikuhamishwa kwenda kutengeneza vipya. Katika 2 Mambo ya Nyakati 24:14 tunaona kwamba vyombo vilitengenezwa, lakini baada ya kazi kukamilika, kwa fedha iliyobaki iliyopelekwa mbele ya mfalme na Yehoyada. Kumbe hata bakaa ilikuwa na utaratibu!

Tusome pia Nehemia sura ya 3. Katika Kiebrania, kitenzi kinachorudiwa kwa makundi mengi yaliyofanya kazi ukutani kina asili ya kufanya imara. Kwa sehemu chache, kama Lango la Kondoo na Lango la Samaki, mwandishi anasema walijenga. Hata yeye alitofautisha. Na ukuta ulikamilika kwa siku 52 (Neh 6:15) kwa sababu kila familia ilijua kipande chake.

Mwisho, wana wa Zebedayo walipoitwa walikuwa wakizitengeneza nyavu (Mk 1:19). Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale ndicho Mtume Paulo anachokitumia katika Wagalatia 6:1 kuhusu kumrejesha kwa upole ndugu aliyeanguka. Anayeufahamu wavu anajua kwamba haurekebishwi kwa kuvutwa kwa nguvu.

7. Maswali manne kabla ya kuandika kitenzi

Kwanza: je, kitu hicho kiliwahi kuwepo? Kama hapana, chagua katika kundi la "make" na "build".

Pili: leo kinafanya kazi au kimesimama? Kama kinafanya kazi, huenda kinahitaji kutunzwa au kurekebishwa sehemu. Kama kimesimama kabisa, ni ukarabati au kujenga upya.

Tatu: kazi ikiisha, kitakuwa kama kilivyokuwa au bora zaidi? Kama ni bora zaidi, semeni wazi kwamba mnapandisha hadhi, na elezeni kwa nini hali ya zamani haitoshi.

Nne: nani atakishika mkononi baada ya hapo, na kwa fedha ipi? Bila jibu la swali hili barua haijakamilika.

Kama bado mna shaka, andikeni kwa Kiswahili kirefu: "Darasa lina bati 60, 12 zimetoboka, tunaomba kubadilisha hizo 12 na kupaka rangi zote." Ofisi yetu itatafuta kitenzi cha Kiingereza. Sisi hatuwezi kuona paa lenu kutoka mezani, lakini tukipewa hesabu hatutakosea neno.

8. Neno kwa marafiki wetu wafadhili

Nanyi tunawaomba jambo. Mkikuta neno "kutengeneza" katika barua ya kamati, ulizeni kabla ya kukisia. Pia mtafakari vitenzi mnavyopenda kuvifadhili. Jengo jipya huzinduliwa kwa utepe na picha. Kopo la grisi halizinduliwi. Kamati zikijifunza kwamba kuna fedha za kujenga lakini hakuna za kutunza, zitashawishika kusubiri ufa uwe ukuta. Fungu dogo la kutunza katika kila mradi, likienda sambamba na mchango wa wananchi, linaweza kuokoa kazi kubwa ya kesho.

9. Ya kujadili katika kikao chenu kijacho

(a) Orodhesheni mali zote za parokia au kigango. Kwa kila moja andikeni kitenzi kimoja inachohitaji mwaka huu.

(b) Chukueni taarifa yenu ya mwisho. Kila penye "tumetengeneza", andikeni upya kwa kitenzi kinachoonyesha kama kitu ni kipya au kimerekebishwa.

(c) Ni ufa gani tunaouona leo ambao ukiachwa hadi mvua za masika utakuwa ukuta?

(d) Nani anashika ufunguo wa pampu, na nani anashika mfuko wa vipuri?

Tunazisihi kamati zifanye zoezi la (a) kabla ya Novemba, mvua zinapoanza kwetu Ufipa, maana mapaa huzibwa wakati wa jua. Leteni orodha zenu ofisini pamoja na maombi yenu, nasi tutazitafsiri kwa uangalifu.